Viti Vitupu vya Baraza la Kasongo

Jumatatu, 4 Agosti
Barazani tangu asubuhi, kama kila Jumatatu, kuandikia gazeti. Kesi ya mbuzi aliyekula mpunga wa jirani. Talaka. Kisha Mama Zaina, mjane anayeuza mikate ya mchele sokoni. Prezida wa baraza, yule aliyekuwa karani, anataka kumtoa mjini: ati mjane hana haki ya kiwanja. Kiwanja kiko kando ya barabara kuu. Shemeji wa Prezida anatafuta mahali pa duka.

Wazee wawili wanaokaa naye barazani, Ramazani wa hapa mjini na Kalonda wa upande wa Kabambare, walisimama wakatoka bila neno. Ndiyo desturi. Mzee asiyekubali huacha kiti kitupu, na kesi hulala. Maprezida waliotangulia walizuiwa hivyo hivyo. Nikaenda kula.

Jumanne, 5 Agosti
Sikutegemea kuandika haya. Prezida amehukumu peke yake.

Alisoma sheria ya Wabelgiji kwa sauti, kisha akaifafanua. "Sheria inasema niulize wazee. Niliwauliza, wakanyamaza. Hapa Kasongo, bibi arusi akiulizwa akinyamaza, amekubali ao hapana?"

"Amekubali!" watu wakajibu.

"Basi na viti vimekubali."

Mama Zaina akasema, "Mimi niliolewa, Bwana Prezida. Kiti haijaolewa."

Akaambiwa afunge mdomo. Ahame kabla ya Jumapili.

Nimeona viboko katika kazi hii. Nimeona vijiji vikihamishwa. Sijaona mtu akitwaa mamlaka yote ya baraza kwa mfano wa harusi. Kalamu ilisimama.

Jumatano, 6 Agosti
Dukani kwa Mzee Ramazani. Kalonda alikuwepo, anakunywa chai. Wote wawili wametulia. Hilo limenikasirisha.

"Kaa, bwana wa gazeti," Ramazani akasema. "Atachoka. Kiti bila mutu inamuchoma."

Nikamwambia hakimchomi. Sasa anakipenda kikiwa kitupu.

"Wewe unaandika, hauhukumu," Kalonda akanijibu, akacheka.

Wamekata shauri kubaki nyumbani mpaka Prezida aje kuwaomba. Kosa. Desturi ile ilikuwa na nguvu kwa mtu aliyeiogopa tu.

Alhamisi, 7 Agosti
Wazee hawakuja. Prezida amehukumu kutwa nzima, haraka, kwa furaha. Kila kesi aligeukia viti, akauliza, akangoja kidogo, akashukuru. Mchana akajipa na kazi ya kuchagua askari wa baraza. Hiyo haikuwa yake kamwe. Hakuna aliyekataa, alisema.

Nikaenda kwa Bwana Mkubwa, Mbelgiji anayetawala teritware, wilaya yetu nzima. Yeye peke yake ana uwezo wa kumzuia. Alinisikiliza akiwa amesimama. Akasema Prezida ameielewa sheria vizuri, kesi zinakwenda mbio, na baraza la Kabambare litaambiwa lifanye vilevile. Akanipa sigara.

Niliichukua. Nilifika barabarani ndipo nikaona sijaiwasha.

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya sala ya adhuhuri wazee walikuja, wakakaa mahali pao. Ramazani akasema kwa sauti kwamba wanakataa hukumu ya Mama Zaina.

Prezida hakukasirika. Hilo ndilo baya. "Baba, ulinyamaza siku ya ndoa. Sasa bibi arusi iko na mimba, ndiyo unakuja kukataa?"

Baraza zima likacheka. Watu wenye viwanja, wenye wajane katika nyumba zao. Kicheko kilinishtua kuliko hukumu. Kalonda alitazama miguu yake. Mama Zaina hakuwepo. Alikuwa akifunga vyombo.

Nimetuma habari yote gazetini. Haitachapishwa.

Jumapili, 10 Agosti
Asubuhi ya ukungu. Nilikwenda kuona. Kaka yake Mama Zaina amekuja kutoka Wamaza, upande wa Kabambare, kumchukua. Mikeka, sufuria, kinu. Kisha kaka akaanza kung'oa mlango. Ni wa mbao nzuri. Marehemu mume wa Mama Zaina aliuranda mwenyewe.

Askari akamzuia. Hukumu ni ya nyumba, na mlango ni nyumba. Shemeji wa Prezida akaitikia kwa kichwa.

Mzee Ramazani alikuwa kati ya watu waliosimama. Safari hii hakuondoka. "Mulango ni ya mama," akasema. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, akaja kusimama mbele ya askari. Mwanamke mmoja wa sokoni akasema vilevile. Kisha mwingine.

Askari akatazama barabarani, huku na huku. Prezida alikuwa kanisani. Askari akasogea pembeni.

Kaka akajitwika mlango kichwani. Mama Zaina akamshukuru mzee kwa kupiga goti kidogo, akatangulia. Wakashika njia ya Kabambare. Mzee Ramazani alibaki amesimama pale mpaka ukungu ukawafunika.