Wapwa Zangu Wanataka Kujirusha Kwenye Ukungu

Mshauri mpendwa, kabla sijakuomba msaada ni vizuri ujue unaongea na nani, maana barua za watu wa kawaida unazipata kila wiki. Mimi ndiye sauti ya Mgeta. Kuanzia huku juu kwenye kabichi mpaka kule chini Mzumbe kwa wasomi hakuna mwingine ambaye akishika maiki watu wanasahau kumeza mate, na mkutano wa kijiji uliwahi kuahirishwa kwa sababu mwenyekiti mwenyewe alikuwa kwangu, benchi la pili, anasubiri nimalizie muvi. Nina banda la video, bati jipya, sola mbili, televisheni pana kama mlango wa kanisa, na muvi za nje nazitafsiri mwenyewe papo hapo, Kichina, Kihindi, Kikorea, ila lugha yangu hasa ni Kijapani, ambacho nilikipata Dakawa nilipokuwa mtu wa karibu wa mtaalamu mmoja wa mpunga kutoka Japani, mzee ambaye alikuwa havuki mfereji bila kuniuliza mimi kwanza.

Sasa naomba msaada, moyo wangu hauko sawa.

Dada yangu Semeni, tumbo moja, alichukuliwa na maporomoko masika ya mwaka jana akiwa shambani kwenye njegere. Mlima ulikatika asubuhi ukashuka naye mpaka bondeni, tukachimba mpaka majembe yakaisha makali, tukapata ndoo yake, tukapata kandambili moja, yeye hatukumpata. Padri alikuja tukazika kitenge chake. Ameacha watoto wawili, Prisca wa darasa la saba na mdogo wake Kondo wa darasa la nne, na baba yao yuko kwenye miwa huko Kilombero, lakini sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba akisema jambo limesemwa, hata baba mzazi kwanza anauliza mjomba wao kasemaje. Basi wakahamia kwangu. Walikuwa hawaongei. Kondo alikuwa anakula amegeukia ukuta.

Ndipo nikateremka mjini, Mwembesongo kuna kijana anayeniwekea muvi kwenye flashi, akaniwekea mfululizo mmoja wa Kijapani wa kaka na dada wanaopigana na mazimwi. Zimwi likija mjini linaponda magorofa, wale ndugu wanapanda juu ya paa, wanashikana mikono, wanajirusha, na kabla hawajafika chini kunatokea jitu moja la rangi ya shaba, refu kupita minara, macho kama taa za trekta, nao wawili wamo ndani yake. Banda lilijaa. Niliifanyia kazi ile muvi kuliko zote maishani mwangu.

Jioni ya kwanza Kondo akaniuliza katikati ya watu, "Mjomba, hao ni tumbo moja?"

Nikamwambia, "Tumbo moja kabisa."

"Mama yao yuko wapi?"

Kwenye picha mama hayupo, Mshauri, nilishaangalia. Lakini mtoto alikuwa ameniuliza kitu kwa mara ya kwanza tangu msiba, na maiki ilikuwa mkononi, nikasema, watu wote wakisikia, kwamba mama yao amemezwa na zimwi la mlimani, na bado mzima humo tumboni, na wanawe wakishikana mikono wakajirusha pale ukungu unapoanzia watakuwa jitu moja, watalipasua zimwi na kumtoa mama yao akiwa na nguo zake vilevile. Kondo jioni ile alikula sahani mbili. Prisca alinishika mkono njia nzima ya kurudi nyumbani. Ungekuwa wewe ungenyamaza? Nikaendelea kila jioni, nikaongeza na majina, zimwi likawa linakaa bonde letu, ndugu wakawa wanaruka kutoka Kigoda, ambalo ni jabali la huku kwetu limetokeza juu ya bonde, chini yake ndiko udongo ulikotua na dada yangu. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyeniambia nimezidisha.

Mambo yakaanza kubadilika polepole. Niliwaona wanaruka kutoka tuta hadi tuta shambani wameshikana mikono, nikasema ni michezo ya watoto. Kisha siku moja sola ilikuwa imekufa, nikaingia bandani mchana kuchukua betri, nikawakuta wamekaa benchi la mbele, televisheni imezimwa, wanaangalia kioo cheusi, na Prisca anatafsiri. Kwa sauti yangu, Mshauri. Kwa namna ninavyovuta maneno, na kikohozi changu humohumo.

"Unatafsiri nini na hakuna picha?" nikamuuliza.

Hakugeuka. "Sehemu ya mwisho, mjomba. Si umekataa kutuonyesha."

Ni kweli nimeikataa, kila siku nasema flashi ina kirusi, maana mwishoni wale ndugu wanashinda na jitu linaondoka, na mama hatoki popote, na mimi sijui nitamtoa wapi.

Wiki iliyopita niliamka nikakuta kitanda chao kitupu, milango iko wazi, umande kwenye nyasi umekatwa njia mbili zinazokwenda sambamba mpaka juu. Nikazifuata. Huko kulikuwa kimya, hata ndege hawasemi, bonde lote limejaa ukungu mweupe mpaka ukingoni kama maziwa kwenye sufuria, na jua ndio kwanza linachomoza nyuma ya mlima. Wapwa zangu wamesimama kwenye Kigoda, vidole vya miguu vimepita ukingo. Na mbele yao, ndani ya ukungu, limesimama jitu. Sisimulii muvi hapa. Refu kutoka bondeni mpaka mbinguni, jeusi, vichwa viwili visivyo na uso, kimoja juu kidogo ya kingine, miguu imechanuka. Kondo alipoinua mkono, nalo liliinua.

Nikasema kwa sauti ya chini nisiwashtue, "Mnafanya nini hapo?"

"Tunazoea," alisema Prisca.

"Mnazoea nini?"

"Kutoogopa."

Kondo akasema, "Anakua, mjomba. Juzi aliishia kwenye miti. Ona, ana duara la rangi kichwani kama watakatifu wa kanisani. Pale kwa yule mfupi."

"Kwa mrefu," dada yake akamwambia. "Wewe huoni vizuri."

"Kwa mfupi. Ni mama anatuonyesha."

Wakabishana hivyo, kwa utulivu, kama watu wanaobishana njia ya sokoni, na miguu yao iko pale pale. Niliwavuta kwa kola za mashati ya shule. Njiani Prisca akaniambia kwamba siku ya misa ya kumbukumbu ya mama yao ndio siku yenyewe, watu wote watakuwa kanisani kwa hiyo hakuna atakayewazuia, na niwahifadhie chakula maana mama atatoka na njaa. Alinisemesha kwa heshima zote. Misa ni Jumamosi ijayo.

Sasa nifanyeje. Nikisema nilitunga, nimemuua dada yangu mara ya pili kwa mdomo wangu mwenyewe, na Kondo atarudi ukutani. Nisiposema, Jumamosi inakuja. Nimewaza nionyeshe ile sehemu ya mwisho, halafu kwenye maiki nilifanye jitu liwaambie wale ndugu kwamba kazi imekwisha, mama anawasalimia, wasiruke tena. Wewe ni mtu wa maneno kama mimi. Nipe maneno ya kusema kwenye maiki.

Na usije ukafikiri mimi ni mwoga. Nilipowafikisha watoto shuleni nilirudi Kigoda peke yangu, nikiwa na panga, nimfukuze yule aliyewaita watoto wa dada yangu. Jua lilikuwa bado chini. Nilimkuta kasimama ananisubiri, na yeye ana panga. Nilikuwa nimepanga kumtukana, Mshauri, matusi nilishayaandaa njiani. Lakini nilipofungua mdomo nilijikuta nimevua kofia, mimi ambaye nusu ya tarafa hii wananiamkia, nikasema, "Shikamoo." Na hakuitika.

Mjomba Jastin, Mgeta

JIBU LA BI THERESIA

Jastin, hakuitika kwa sababu alikuwa wewe.

Na mimi nimekulia kwenye miteremko hiyo, nimepanda asubuhi kutafuta kuni nikamkuta huyo huyo ananisubiri na mzigo kichwani, na nilikimbia nikaacha kuni zote, kwa hiyo sikucheki sana. Jua likiwa mgongoni na ukungu ukiwa mbele yako, kivuli chako kinasimama kwenye ukungu badala ya kulala chini, kikawa kirefu cha kutisha. Lile duara la rangi kila mtu huliona kwenye kichwa cha kivuli chake tu, la mwenzake halioni. Wapwa zako hawakuwa wanadanganya. Kila mmoja alikuwa anajiona mwenyewe. Ungewasikiliza wakati wanabishana, badala ya kuogopa, wangekuonyesha.

Nimekuhurumia, mwanamume aliyechimba udongo akitafuta dada yake akapata kandambili, mpaka nilipofika pale unapoomba maneno ya kusema kwenye maiki. Hapo nimekasirika. Unataka kazi ya mjomba ifanywe na jitu la televisheni. Watoto hawa hawakuamini muvi. Wameziona muvi mia kwako na hawakuruka popote. Wamekuamini wewe, kwa kuwa ukoo wao umewafundisha kwamba wewe ukisema limesemwa. Kama jambo lilisemwa na mjomba, hakuna mwingine wa kulifuta, wala padri, wala mwalimu, wala baba yao aliyeko kwenye miwa, wala mimi.

Jibu hili nimekusomea kwa simu siku ile ile barua yako ilipofika, maana jabali halingojei gazeti. Nalichapa kwa sababu najua kuna wazazi na wajomba wengine ambao waliwaambia watoto kwamba marehemu amesafiri, au amelala, au yuko mahali atarudi, kisha wanashangaa mtoto anapofunga safari ya kumfuata.

Fanya leo, si Jumamosi. Zima sola. Kaa nao chini nyumbani, si bandani, bila maiki na bila ile sauti yako ya kazi. Waambie mama yenu amekufa. Tumia neno hilo hilo. Waambie hujui Kijapani, na habari ya zimwi na mama uliitunga mwenyewe, na mtu akijirusha kutoka Kigoda anakufa, hata awe ameshikana mkono na nani. Kondo akigeukia ukuta, kaa karibu naye hapo ukutani. Atakula kesho, au kesho kutwa.

Kisha asubuhi yenye ukungu wapeleke, lakini si Kigoda, nenda kwenye shamba tambarare linaloangalia bonde, wewe ukiwa katikati umewashika. Kila mmoja anyanyue mkono kwa zamu yake, na kila mmoja aseme duara analiona kwa nani. Wataelewa wenyewe kuliko utakavyowaeleza. Kigoda kuanzia leo mwombe mwenyekiti wako wa benchi la pili aweke mtu wa kulinda asubuhi, na Jumamosi watoto hao wakae kanisani benchi la mbele, wewe upande mmoja na baba yao upande mwingine. Mpigie simu aje. Mambo ya ukoo hayamzuii mwanamume kulia na wanawe.

Prisca atakuuliza kwa nini uliwadanganya. Yeye ni mkubwa, jibu la kumfurahisha hatalitaka. Usimwambie ilikuwa burudani, wala usiseme ulitaka Kondo ale, ingawa ni kweli. Mwambie hata wewe, kila jioni ulipokuwa unasimulia, ulikuwa unangoja uone kama Semeni atatoka.