Kanzaki Tokuji na Ua la Mwaka wa Tatu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya baridi, na bado Mama anachemsha chai ya watu wawili.

Tunakukumbuka na kofia yako ya majani, ukipita kwenye mistari ya maua ya kiku mtambo wa mionzi ya kuyabadili rangi ukishazimwa kwa siku hiyo, ukitafuta tawi moja tu lililobadilika. Miaka thelathini na minne! Jirani Ogawa alipokataa maua yako, ati yatamdhuru, ulimcheka: "We Ogawa, juzi tu umepigwa picha ya kifua. Mbona hung'ai?" Tangu hapo akawa wa kwanza kuyaomba.

Kisha kwenye kiku la rangi ya waridi likatokea tawi la njano, njano ya kiini cha yai. Uliliotesha nyuma ya nyumba, ukaapa likishika rangi miaka mitatu litaitwa Fumi, jina la Mama. "Mgeni siku mbili," ulisema, "ya tatu mpe jembe."

Mama akaja juu. "Mimi ulinichunguza miezi miwili ukanioa. Ua miaka mitatu?"

"Ua huweza kurudia rangi yake ya zamani, mama watoto. Wewe tangu tuoane hujabadili hata neno."

Mwaka wa tatu lilichanua ukiwa hospitali. Kiku ni ua la msiba, haliingii wodini, kwa hiyo ukategemea maneno yetu. "Rangi gani?" uliuliza kila siku. "Njano, Baba." Ukatabasamu, ukalala.

Tusamehe, Baba. Tulikudanganya. Yote yalichanua ya waridi, na uongo huo tumeubeba mwaka mzima.

Hatukuwa na moyo wa kuling'oa shina. Wiki iliyopita, chini kabisa, tawi moja likachanua. Chizuru alipiga kelele hadi Ogawa akaja mbio na kandambili mguu mmoja. Njano, Baba! Safari hii hatudanganyi. Tumekukatia ua moja, liko hapo kaburini ujionee.

Mitsuo alitaka kuandika kibao cha jina papo hapo. Mama akamnyang'anya kalamu.

"Acha. Huu ni mwaka wa kwanza. Alisema mitatu, atapewa mitatu."

Tunaokukumbuka: mkeo Fumi, wanao Chizuru na Mitsuo, mjukuu wako Kaede, na Ogawa, aliyeomba naye atajwe. Siku zote u mioyoni mwetu, Baba.