Mkono Nilioinua

Mpanda, Jumanne, Agosti 1996

Na mkono wenyewe niliunyoosha mimi!

Leo walituita sisi tunaouguza tutoe maoni kuhusu sheria za kuzuia maambukizi wodini. Mganga alisema kuanzia kesho hakuna ndugu kulala chini ya vitanda, maana tunaleta uchafu. Usafi siupingi. Nilitaka kusema tu kwamba bibi yangu anajua Kirundi tu, na usiku hawezi hata kujigeuza.

Nilikaa nikipanga maneno mpaka nikachelewa. Nilipothubutu kunyoosha mkono, kumbe ameshauliza wanaokubali ni nani.

"Safi! Hata huyu binti ameafiki," akasema. "Nyie wazee mnangoja nini?"

Watu wakacheka, mikono ikapanda. Miaka yote ile ya shule, na nimeshindwa kusema, "Samahani, daktari, sikumaanisha hivyo."

Bibi aliniuliza wamesema nini. Nikamwambia wodi itakuwa safi. Akafurahi, akanishika mkono uleule.

Naandika chini ya kitanda chake. Anakoroma kidogo.

Kesho usiku ataniita, na atadhani nimelala tu.