Mwenyewe Aje

Jumanne, mtaa wa Satellite

Na bado nasikia ile sauti yake. "Mwenyewe aje." Hata kichwa hakuinua.

Nimemweleza yule karani kwamba Mama alipatwa na kiharusi, hatembei, na ofisi yao ya kusajili watu wenye ulemavu, ajabu ya dunia, iko orofa ya tatu na lifti haifanyi kazi. Bila ile kadi hatapata mtu wa kumfanyisha mazoezi nyumbani. Nikampa barua ya daktari. Akaisukuma kwa ncha ya kalamu kama kitu kichafu.

"Madam, mwenyewe aje tumwone."

Mara ya tatu hii. Na yeye, mwenye miguu mizima, hashuki ngazi mpaka saa saba akienda kula.

Sawa. Kesho mwenyewe atakuja. Nimeongea na jirani yetu Mutua atusaidie kusukuma kiti chake cha magurudumu. Kabla ya saa saba tutamweka Mama chini ya zile ngazi, pale pembamba, kiti kizibe njia yote. Ashuke na fomu zake amwone, ama ashinde njaa huko juu.

Nilidhani Mama atanikataza. Siku hizi maneno yanamtoka kwa shida. Nikimlisha uji jioni, alikuwa anarudiarudia kitu, mpaka nikaweka kijiko chini nimsikilize.

"Mwenyewe... nimekuja."

Kumbe anafanya mazoezi ya kesho!

Kisha akanivuta kwa ule mkono mzima, akaniambia nisisahau kufunga breki.