Haru, Mbwa wa Uani Kwetu

Mpendwa baba,

Nakuandikia kutoka Kilombero, mikono imejaa masizi ya miwa iliyochomwa.

Unamkumbuka Mtachoka? Kama wazee wengi wa kwetu Mabamba, mbwa wako ulimpa jina la kumsema jirani. Ulisimama uani ukimwita kwa sauti ili Filipo, mliyekuwa mkigombania naye mpaka wa shamba, asikie. Mtachoka akala sumu, hatukujua ya nani. Nilipoleta mbwa mdogo, mama akaniambia, "Huyu mpe jina lisilomgusa mtu."

Nikamwomba jina fundi Mjapani tuliyekuwa tunachimba naye kisima. Akasema Haru, yaani majira yanayofuata baridi kali, vitu vilivyoonekana vimekufa vinapochipua.

Ukacheka. "Huku majira hayo hayapo. Sasa nitamsema nani?"

"Usimseme mtu, baba."

Lakini ulilipenda. Ulimwita ukivuta mwisho, Haruuu, naye alikuja mbio. Sisi wengine tukimwita alitutazama tu.

Tulipokuzika nikarudi huku kwenye miwa. Mama akapiga simu. Akasema Haru anashinda mpakani, mara anainua masikio, anakimbilia migombani akitikisa mkia, na hakuna mtu. Kisha Filipo akaja kwa mama, kofia mkononi.

"Mama Yohana, hilo jina lina maana gani? Mumeo ananiita hivyo shambani. Nimemkosea nini tena?"

"Hakuiti wewe, anamwita mbwa," mama akamjibu. Filipo hakuamini. Upande ule ameacha kulima.

Mama akaogopa, akaomba tubadili jina. Akamwita Simba. Haru hakugeuka hata kidogo. Siku chache baadaye aliingia migombani, hakutoka.

Jana asubuhi, katikati ya miwa, nikasikia Haruuu, mwisho umevutwa vilevile. Huku hakuna anayelijua jina hilo. Wenzangu waliendelea kukata. Nikakumbuka ulivyonifundisha utotoni: usiitike sauti ya usiyemwona mpaka ikuite mara ya pili. Sikuitika.

Baba, mbwa umeshampata. Sasa unamwita nani? Kama ni mama, nakuomba umwache kwanza, bado ninamhitaji. Nimeaga kazini, naja kukaa naye. Na kama ni mimi, niite kwa jina langu, nijue.

Lala, baba. Uani nitafunga mimi.

Mwanao mkubwa