Muhonja, Vyuo Viwili na Imondo ya Jogoo Wako

Landless, Thika

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mjukuu wako Zawadi, ambaye saa hii amenikalia miguuni akitaka kuninyang'anya kalamu. Hujambo mama? Mguu unaendeleaje, ule unaovimba ukitoka shambani? Na mvua imeshika huko ama bado mnaangalia mawingu tu? Sisi huku ni wazima. Baridi ya Thika si mchezo, lakini tunavaa masweta na siku zinaenda.

Ningepiga simu, lakini unajua vile huwa. Mimi naanza kulia, wewe unaanza kulia, kredo inaisha na hakuna mtu amesema neno. Kwa hivyo nimeandika barua hii, na baba mdogo Shivachi ndiye anakuletea. Nimeifunga na gundi kwa sababu yeye mwenyewe yumo ndani. Mpe chai, mwache sebuleni, wewe usomee jikoni.

Kwanza, yule jogoo uliyemtuma alifika salama. Tulimfunga kwa mlango na akawika mpaka ploti yote ikajua tumepata mgeni. Mama Njoki, jirani yangu wa mlango wa pili, akaniuliza, "Mama Zawadi, hii ni kengele ya kanisa ama ni chakula?" Nikamwambia ni chakula cha sherehe ya Muhonja, na yeye ndiye atanisaidia kupika.

Najua baba mdogo alikwambia anakuja kutusalimia tu. Mama, alikuja kwa maneno ya shule. Uliyasikia kwa simu, lakini nataka uyaone yakiwa yameandikwa: binti yako mdogo, Muhonja, ameitwa na vyuo vikuu viwili. Si koleji za juu ya duka. Kimoja ni cha Nairobi, kile kila mtu husema jina lake akinyoosha shingo, na hapo wamempa udaktari. Kingine kiko Kanada, wanamtaka asomee uhandisi wa maji, yaani kuyatafuta, kuyasafisha na kuyafikisha kwa watu. Na vyote vimesema vitamsomesha wenyewe. Mimi niliyeachia darasa la nane nilimwomba anisomee zile barua tena na tena. Halafu nikaenda kazini, kwa lile duka la kushona huko Mugutha, na nikashona mfuko wa shati la shule ukiangalia chini. Mwenye duka akaniuliza, "Umelewa?" Nikasema, "Ndiyo, nimeleweshwa na dada yangu."

Lakini ilibidi achague kimoja, na siku za kujibu zilikuwa zinaisha.

Baba mdogo alikuwa ameshachagua. Hata kabla ya kumaliza chai alisema, "Ukoo wetu haujawahi kutoa daktari. Nairobi ni hapa tu. Huko Kanada ukiugua, nani atakupikia uji?" Muhonja akasema, "Sawa baba, Nairobi ni sawa." Alisema kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Mama, mimi nilikuwa najua ukweli. Tangu amalize fomu foo, Muhonja ndiye anabaki na Zawadi nikienda kushona. Siku moja nilirudi mapema nikamsikia akimwosha mtoto nje, akimwambia, "Mimi siendi mbali, wewe. Nani atakuchana hizi nywele?" Na nilishamwona mara nyingi akiangalia kwa simu video za mito na mitambo ya maji, bila sauti, ndio nisisikie. Unamkumbuka kule kwa chemchemi, vile alikuwa anachimba mifereji na kijiti na wewe unangoja mtungi ujae? Bado ni yule yule. Alikuwa anataka Kanada, na alikuwa anaiacha kwa sababu yangu. Nilijaribu kumwambia aende, akanijibu, "Dada, ukiacha kazi tutakula nini?"

Sasa sikiliza vile Mungu hufanya kazi. Jumapili tukatoka kanisani, tukachinja jogoo wako. Mimi nilikuwa nasonga ugali, Mama Njoki akasema yeye atapakua nyama. Mama Njoki ni Mkikuyu, mambo ya imondo hayajui. Kwao hiyo firigisi ni nyama kama nyama zingine. Akamtazama Muhonja, akasema moyoni huyu ndiye mwenye sherehe, akachukua imondo yote akamwekea kwa sahani. Baba mdogo akawekewa mguu na shingo.

Mimi nilitoka na ugali, na nikaona. Baba mdogo anaangalia sahani yake. Muhonja anaangalia yake. Imondo imeketi hapo juu ya supu kama mgeni rasmi. Unajua tangu baba atuache hakuna kuku amewahi kuchinjwa mbele ya baba mdogo akakosa imondo. Nilitaka ardhi inimeze.

"Kwani kuna nini?" Mama Njoki akauliza. "Chumvi ni kidogo?"

Muhonja akaanza kusukuma sahani. "Baba, samahani, chukua hii."

Mama, baba mdogo akainua mkono. Nikajua sasa ni vita. Lakini akaanza kucheka, kile kicheko chake cha tumbo. "Wacha," akasema. "Kwa nyumba yetu anayekula imondo ndiye husema neno la mwisho. Huyu mama amekupa, na mimi siwezi kumpokonya msichana chakula mbele ya jirani. Haya, kula, halafu useme. Nairobi ama Kanada?"

Muhonja akashika imondo. Halafu akageuka akamtazama Zawadi, na midomo ikaanza kusema Nai...

Nikamkata. Nilisema kwa sauti hata mimi nikashtuka, "Muhonja! Usimwangalie mtoto. Angalia sahani yako."

"Na mtoto atabaki na nani?" akaniuliza.

"Ngai!" Mama Njoki akasema. "Kwani mimi nimekuwa sanamu? Nimelea sita, nitashindwa na huyu wa kilo mbili? Kula, msichana, inapoa."

Muhonja akauma. Akatafuna polepole, machozi yakiingia kwa supu. Akameza, akasema, "Kanada. Nataka maji." Baba mdogo akasema, "Basi ni Kanada. Lakini ujifunze kupika uji wako mwenyewe." Na jioni hiyo hiyo Muhonja akawaandikia barua pepe kwa simu, baba mdogo akiwa amesimama nyuma yake akiuliza kama imeenda.

Baba mdogo asikudanganye kwamba hakuumia. Usiku wa kwanza alilalamika juu ya daktari wake. Lakini asubuhi nilimsikia huko nje akimwambia mwenye ploti, "Binti yetu anaenda Kanada kutengeneza maji," na akasimama pale mpaka yule mtu akaitikia vizuri.

Mimi nitamkosa, mama. Nikifikiria vile atapanda ndege, sindano inanichoma kidole. Lakini nikipita Landless siku hizi natembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Nisalimie senje, yule shangazi yetu, na umwambie ile kamba ya nywele aliyomtumia Zawadi imemtosha. Salamu kwa mama mchungaji aliyekuwa akimwombea Muhonja, na kwa yule mwalimu wake wa hesabu, mwambie aketi kwanza ndipo umpe habari. Baba Zawadi yuko njiani na lori la mizigo, anasema hajambo.

Neno moja limebaki. Tulipokuwa tunaosha vyombo, Muhonja aliniuliza, "Mama amewahi kuionja imondo?" Nilimwangalia baba mdogo, baba mdogo akaangalia mlango. Kuku wote uliotupikia, mama, na hakuna kati yetu aliyewahi kukuona ukiionja. Muhonja anakuja nyumbani kabla ya kusafiri. Amesema yeye ndiye atapika na kupakua, na wewe utaketi mezani. Baba mdogo amekubali, muulize.

Wewe chagua tu kuku.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Khasandi, Mama Zawadi