Baba Aliomba Maji ya Barafu Tena

Shoga, upo? Usipige, nimejifungia bafuni. Baba yuko sebuleni, sitaki anisikie nikilia.

Leo mimi na baba tuliitwa kutengeneza friji kule mgahawani. Friji yao ya mvinyo inaonyesha joto ishirini na nne, na ndani chupa zinakaribia kuganda. Baba akaomba glasi ya maji ya barafu, akatumbukiza sensa ya joto ya friji. Namba haikusogea, na ilitakiwa ishuke hadi sifuri. Akasema, "Sensa imekufa hii, tubadilishe." Unamjua baba, hakosei.

Nikainama kutoa sensa mpya kwenye begi. Nainuka, namsikia anamwambia mwenye mgahawa, "Naomba glasi ya maji ya barafu."

Nikadhani anatania. Akapima upya. "Imekufa hii." Halafu akaomba maji tena! Shoga, tena!

Mwenye mgahawa akaninong'oneza, "Mzee kachoka, mpeleke nyumbani." Nilitamani ardhi inimeze. Nikaifunga sensa mpya mwenyewe, baba kasimama tu na bisibisi yake.

Namba zikaanza kushuka vizuri. Baba akachungulia kazi yangu, uso ukamchangamka kabisa.

"Umefunga vizuri, fundi," akaniambia. "Na mimi nina binti yangu anafanya kazi hizihizi. Ana mikono mizuri kuliko mimi. Siku moja nitakuja naye mfahamiane."

Mimi, shoga. Alikuwa ananiambia mimi.

Nikamjibu, "Sawa, mzee. Mlete tu, nitafurahi kumfahamu."